Dar hadi Mafia na delta ya Rufiji kwa boti yako: panga kwa mwezi wa angani

Swali la msomaji wa Kigamboni: "Nahodha, shikamoo. Nina boti ya faiba ya futi 28, injini mbili za nje za nguvu farasi 115 kila moja, tangi la petroli la lita 300, na kibanda kidogo cha kulala watu wawili. Nimeiendesha mwaka mmoja na nusu, mara nyingi Mbudya na Bongoyo, na mara mbili nimevuka Zanzibar. Likizo yangu ni siku kumi kuanzia tarehe 20 Desemba. Nataka kumchukua mke wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 12, twende Mafia tukawaone papa potwe, kisha tuingie mto Rufiji tulale humo siku mbili, na ikiwezekana tupande mto hadi Daraja la Mkapa. Je, boti inatosha? Mafuta je? Nianzie wapi kupanga?"

Marahaba, mwanangu. Boti inatosha. Mafuta uliyonayo hayatoshi. Daraja la Mkapa liondoe kwenye mpango. Na pa kuanzia kupanga si kalenda ya ofisini kwako, ni mwezi wa angani. Hilo la mwisho ndilo nitakalolieleza kwa kirefu, maana ukilipata, mengine yote yanajipanga yenyewe, na ukilikosa hakuna injini itakayokusaidia.

Wavuvi wa pwani yetu hawahesabu Desemba na Januari wanapotaka kutoka. Wanahesabu mwezi mwandamo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, maji yanakuwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Kati ya Dar na Mafia, tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita tatu na nusu, siku nyingine hukaribia nne. Mwezi saba au nane, yaani siku ya saba au ya nane tangu uandame, na tena mwezi ishirini na mbili au ishirini na tatu, ni maji mafu. Hapo tofauti inashuka hadi karibu mita moja. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi wenye boti mpya hawaliweki akilini. Saa za bamvua kwetu hazihamihami. Mwaka mzima, bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Ndiyo maana kina mama wanaochokoa pweza huonekana mwambani asubuhi za bamvua, si jioni. Kwa hiyo mtu akikwambia leo ni mwezi kumi na nne, amekwishakwambia pia maji yatakuwa wapi saa sita mchana, hata kama huna jedwali mkononi. Nunua jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ndiyo, lakini hesabu ya mwezi iwe kichwani.

Kwa safari yako, ingia mtoni siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa moja au mbili asubuhi na kujaa saa saba au nane mchana. Unafika mlangoni mwa mto saa tano, jua liko juu, unaona rangi ya maji vizuri, na maji yanapanda chini yako kwa saa mbili tatu zaidi. Ukigusa fungu la mchanga, unazima, unainua injini, unangoja nusu saa, maji yanakuinua. Na kwa sababu mwezi bado unakua, maji ya kesho yatakuwa makubwa kuliko ya leo, na ya kesho kutwa makubwa zaidi. Kila kosa lako lina maji ya kulisamehe. Tena usiku wa kulala mtoni utakuwa na mbalamwezi, jambo ambalo utalishukuru saa nane za usiku unapotaka kujua kama nanga imeshika.

Nieleze kinyume chake kwa yaliyonifika. Miaka mingi nyuma niliwaingiza wageni Rufiji kwenye boti niliyokuwa nimekabidhiwa, ikiwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, jioni, maji yamefika juu kabisa ya bamvua. Maji yalikuwa mengi hata mafungu yote yalifunikwa, mto ukaonekana kama ziwa. Nikakata kona kwa ndani badala ya kuufuata mkondo. Boti ikasimama taratibu kabisa, bila kishindo, kama mtu anayekaa kwenye godoro. Sikushtuka. Nilichomeka pondo kwenye tope ubavuni na kwa kisu nikakata alama pale maji yalipoishia, nikawaambia wageni kwamba maji ya alfajiri yatatuinua. Saa kumi na moja na nusu nikamulika tochi. Maji yalipanda, yakapanda, yakasimama shibiri moja chini ya alama yangu, kisha yakaanza kurudi. Jioni yake yalisimama chini zaidi. Bamvua ilikuwa inapungua, na nilikuwa nimeikalisha boti mahali ambapo maji yasingefika tena hadi mwezi mwingine uandame. Wageni waliondoka kwa mtumbwi siku ya pili. Mimi na baharia mmoja tulikaa na boti juu ya tope siku kumi na mbili, tukilala na mbu na kaa. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na chanzo chake ni kwamba tarehe za safari zilipangwa na watu wa mjini nikazikubali.

Huko ndiko kupwelewa, na kuna kupwelewa kwa saa sita na kupwelewa kwa wiki mbili. Ukiwa na mtoto wa miaka 9 ndani, usiruhusu hata nafasi ya huko kwa wiki mbili. Kwa hiyo angalia mwezi mpevu wa karibu na likizo yako unaangukia lini. Usipoangukia vizuri, omba kubadilisha likizo.

Na nikwambie wazi, ningefurahi ukiibadilisha kwa sababu nyingine pia: upepo. Mwishoni mwa Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imekwishaingia. Kwenda kusini utakwenda nayo mgongoni, watoto watacheka njia nzima. Kurudi Dar utakuwa unaipiga uso kwa uso, maili 70 za baharini, na boti ya futi 28 ikiruka juu ya kila wimbi. Hiyo ndiyo siku ambayo mke wako ataamua kama atapanda tena boti yako maishani mwake. Wakati mzuri wa safari hii ni tangambili ya Oktoba na Novemba, kusi, upepo wa kutoka kusini, imechoka na kaskazi haijapata nguvu. Bahari huwa shwari, hasa kuanzia alfajiri hadi saa nne, na papa potwe wa Kilindoni wanakuwa wameanza kuonekana. Msimu wao huanza Oktoba na kuendelea hadi Machi. Vuli inaweza kukunyeshea, lakini mvua ya vuli hupita. Masika usijaribu kabisa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliipiga Mafia yenyewe, kisiwa ambacho wengi wetu tuliamini vimbunga havikijui.

Kama Desemba haibadiliki, basi rudi kwa vipande viwili. Ondoka Kilindoni kunapopambazuka, pumzika karibu na kisiwa cha Kwale mbele ya Kisiju, lala hapo, na umalizie Dar kesho yake alfajiri. Kwale iko kama katikati ya njia. Hata kwenda nakushauri ulale hapo. Siku ya kwanza ya likizo si siku ya kukimbia maili 70. Mpe kila mtu nafasi ya kuizoea boti, na ujue mapema ni nani anayetapika. Ukipita Ras Kimbiji kaa mbali na mwamba, maana pale unatoka kwenye kivuli cha visiwa vya Dar na bahari kuu inakupokea. Kumbuka pia mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Utakusukuma nyuma ukienda, utakusaidia ukirudi, ila ukikutana na kaskazi inayovuma kinyume chake mawimbi yanakuwa mafupi na wima. Mawimbi ya namna hiyo ndiyo yanayovunja viti na migongo.

Mafuta. Injini zako mbili, kwa mwendo wa kawaida wa fundo 18, yaani maili 18 za baharini kwa saa, na boti ikiwa na mzigo, zitakunywa kama lita 40 kwa saa kwa pamoja. Maili 70 ni karibu saa nne, yaani lita 160. Kanuni tuliyofundishwa ni ya mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Kwa tangi la lita 300, theluthi ni lita 100, na hizo hazikufikishi Kilindoni. Mafuta Kilindoni yanauzwa, lakini kisiwa hutegemea vyombo vinavyoyaleta, kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka, usikute pampu imekauka. Ongeza tangi la pili la kudumu, lililofungwa sawasawa na lenye bomba la kupumulia nje. Usibebe petroli kwenye madumu ndani ya kibanda wanamolala watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka chini na kukaa pale kwenye sakafu ukingoja cheche.

Kabla hujaondoka, na kila asubuhi ya safari, fungua kile kikombe cha chini cha filta inayotenga maji na petroli. Mimina kidogo kwenye glasi, iache itulie dakika moja. Maji yatashuka chini na kujikusanya kama shanga zisizoshikana. Ukiona shanga, endelea kumwaga mpaka zisionekane. Madumu na matangi ya kuhamishia mafuta visiwani mara nyingi yana maji kidogo, na injini hufa mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa ndipo boti inaporushwa na mashapo ya tangi yanapotibuka. Injini mbili zinazonyonya tangi moja lenye maji ni sawa na injini moja mbovu.

Haya, mtoni. Rufiji haina mlango mmoja. Inajimwaga baharini kwa vijito vingi: Simba Uranga, Kikunya, Msala na vingine, kila kimoja na fungu lake mbele. Katikati yake ni msitu wa mikoko wa takriban hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote uliokaa pamoja Afrika Mashariki. Mwaka 1914 nahodha wa meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, aliutumia msitu huo kujificha. Tarehe 20 Septemba alitoka, akaizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale bandarini Zanzibar, kisha akarudi ndani ya delta, na meli kubwa za Kiingereza zikabaki nje zikimtazama, kwa kuwa hazikuwa na maji ya kupitia. Ilibidi ziletwe meli mbili zilizojengwa kwa ajili ya mito, Severn na Mersey, zenye kina kifupi. Hizo ndizo zilizoingia Julai 1915, na tarehe 11 mwezi huo Königsberg ikaishia mtoni. Mizinga yake ilitolewa ikapigana nchi kavu, na mmoja wake uko Fort Jesus, Mombasa, ukipita siku moja uwaoneshe watoto. Mimi nakisimulia kisa hiki kwa kila anayetaka kuingia Rufiji, kwa sababu vita nzima ya miezi kumi iliamuliwa na futi chache za maji chini ya chombo.

Na mafungu ya leo si yale ya wakati huo, wala si ya miaka mitano iliyopita. Mto huu huhama. Mafuriko huufungua mlango mmoja na kuuziba mwingine. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, maji yanayoshuka hayafuati tena masika na kiangazi peke yake. Aprili 2024 Rufiji ilifurika vibaya, watu wakapoteza nyumba na mashamba. Ramani ya simu itakuonesha mstari wa buluu katikati ya mkondo. Usiuamini.

Cha kuamini ni rubani. Neno hili leo tunawaachia watu wa ndege, lakini kwa asili yake rubani ni mtu wa chombo, yule anayejua mlango na mafungu. Nenda kwanza Nyamisati, upande wa kaskazini wa delta, panapoanzia vyombo vya abiria vya Mafia. Shuka, msalimie mwenyekiti wa kijiji, eleza unatafuta mtu wa kukuingiza na kukutoa. Utaletewa mvuvi wa makamo ambaye hatasema mengi. Mpatane malipo ya siku nzima nzima, pamoja na chakula na usafiri wa kumrudisha kwao. Mkalishe omo, mbele kabisa, umwachie aoneshe kwa mkono, na wewe ushike usukani. Akiinua kiganja, punguza mwendo kabla ya kumuuliza sababu.

Hata ukiwa naye, chukua bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina. Mashine ya kupimia kina unayo bila shaka, lakini juu ya tope jepesi la Rufiji inaweza kusoma mahali pasipo chini halisi. Bildi utaitengeneza mwenyewe: kipande cha risasi cha kilo mbili, kamba yenye fundo kila mita, na upande wa chini wa risasi kishimo. Kwenye kishimo hicho bandika sabuni ya mche iliyolainishwa. Mpe mtoto wako wa miaka 12 kazi hiyo. Kila akiivuta atasoma kina, na sabuni itamletea kilichoko chini: mchanga mweupe, tope jeusi lenye harufu ya mayai, au vipande vya chaza. Tope jeusi linashika nanga vizuri. Mchanga unaohama haushiki. Sabuni ikirudi safi na ina mchubuko, chini ni mwamba, ondoka. Nimewaona watoto waliosahau simu zao siku nzima kwa ajili ya kamba hiyo.

Ndani ya delta tembea kwa injini moja, polepole. Kwanza kwa ajili ya mafuta. Pili, wavuvi hutandaza nyavu kukingama vijito, na vijiboya vyake wakati mwingine ni chupa tupu za maji tu. Ukizipitia, wavu unaviringika kwenye rafadha, yale mapanga yanayozunguka nyuma ya injini, umeharibu injini yako na riziki ya mtu kwa pamoja. Tatu, na hili naomba ulishike sana: mawimbi ya boti yako. Utakutana na mitumbwi imejazwa mpunga, au mama na watoto watatu, maji yako vidole vinne chini ya ukingo. Boti ya mjini ikipita mbio pale, wao wanazama. Ukiuona mtumbwi, shuka kabisa hadi mwendo wa mtu anayetembea, mpaka umepishana nao. Watakuamkia.

Macho yasiache ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini. Ukipungua au ukianza kutoka kwa kukatakata, tope limeziba njia ya maji ya kupozea. Zima mara moja, tia nanga, zibua kwa waya mwembamba. Dakika tano za kupuuza zinatosha kuichoma injini.

Viboko wapo na mamba wapo. Kiboko hataki ugomvi ila anataka maji yenye kina yawe upande wake, kwa hiyo usikae kamwe kati yake na kina. Wenyeji hugonga ubavu wa chombo wanapokaribia kona ili wajitokeze juu wajulikane walipo. Gonga na wewe. Kuhusu mamba, sheria ni moja na haina mjadala na watoto: hakuna mkono wala mguu ndani ya maji ya mto, hata kuosha sahani. Maji ya kuoshea yachotwe kwa ndoo yenye kamba, na mtu mzima. Jaketi okozi zivaliwe na watoto muda wote boti ikiwa majini, hata ikiwa imetia nanga, hata usiku wakitoka kwenda kujisaidia.

Pa kulala, tia nanga katikati ya kijito kipana ambapo upepo unapita, si chini ya miti. Mikoko inapendeza kwa mbali, lakini chini yake mbu ni wengi mno. Chandarua kifungwe kabla ya magharibi. Toa amari, yaani kamba ya nanga, iwe ndefu, maana utatia nanga maji yakiwa yamejaa na usiku mkondo wa kupwa utavuta kwa nguvu. Hesabu pia ni kina gani kitabaki maji yakishapwa, si kina unachokiona wakati ule. Mita tatu za saa nane mchana zinaweza kuwa nusu mita saa mbili asubuhi.

Asubuhi ya kwanza, waamshe wote mapema. Maji yakiwa yamepwa, kuta za tope zinaonekana na mizizi yote iko nje: mkoko kwa mizizi yake ya matao, mchu na vidole vyake vinavyochomoza kutoka ardhini, msinzi, mkomafi na matunda yake makubwa ya mviringo. Furukombe, tai mla samaki, anaita, mwingine anamjibu ng'ambo. Ndani zaidi, maji ya chumvi yanapoishiwa nguvu, mikoko inaachia mashamba ya mpunga, na juu ya mashamba utaona madungu, vibanda vya miguu mirefu ambamo watu wa Rufiji hulala wakilinda mpunga wao dhidi ya ndege na nguruwe. Kutoka misitu hii zilitoka boriti zilizopakiwa kwenye majahazi kwa karne nyingi hadi Omani na Ghuba, zikaezeka nyumba za nchi isiyo na miti. Upana wa vyumba vya kule ulifuata urefu wa boriti za huku. Siku hizi ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Usikate hata kijiti cha kuchomea samaki. Kamba wabichi utawanunua kwa wavuvi wenyewe, mtumbwini, na ubwabwa wa mchele wa Rufiji juu ya jiko la boti utautafuta Dar yote usiupate.

Hapo kwenye madungu ndipo mwisho wa safari yako ya mto. Juu zaidi, kuelekea Daraja la Mkapa, nguvu ya maji ya bahari inakwisha, mto unakuwa mpana, na kina kinakuwa kifupi, mchanga unahama kila wiki, na hakuna maji ya kujaa ya kukuinua ukikwama. Ukitaka kuwaonesha watoto daraja, lipiteni kwa gari siku mnakwenda Kilwa.

Mafia haina haja ya maneno mengi. Wakati wa kaskazi upande wa Kilindoni una kivuli kizuri, ila ufuko wake ni wa kina kifupi na hukauka mbali sana maji yakipwa, kwa hiyo tia nanga nje kabisa na muingie kwa mtumbwi. Papa potwe muende asubuhi, kwa chombo cha wenyeji wenye kibali. Ni kazi yao na wanajua namna ya kumkaribia bila kumshika wala kumkata kwa rafadha. Ghuba ya Chole iko upande wa pili wa kisiwa, na mlango wake wa Kinasi una mkondo mkali ambao sikushauri uupitie mwaka huu. Wapeleke familia Utende kwa barabara, ni kama kilomita 15 tu, kisha wavuke kwa mashua hadi Chole wakaone magofu na wale popo wakubwa wala matunda. Ada za Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, mtalipa njiani.

Makaratasi: boti iwe na usajili na cheti cha ukaguzi cha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambacho hakijaisha, na utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kila jioni. Beba redio ya VHF inayofanya kazi kweli, uijaribu kwenye chaneli 16, ile ya dharura, kabla ya kuondoka, maana kwenye delta simu hupotea. Andika kwenye karatasi njia yako, siku kwa siku, na idadi ya watu, mwachie mtu mmoja Dar mwenye kichwa kilichotulia, mkubaliane kabisa kwamba usipompigia kufikia saa fulani ya siku fulani, aanze kutoa taarifa bila kukuonea haya.

Kutoka mtoni usitoke alfajiri kwa haraka ya kurudi, kwa kuwa maji yatakuwa yanapwa na fungu la mlangoni linazidi kuinuka mbele yako. Jioni ya kuamkia siku ya kutoka, sogea ulale kijito cha karibu na mlango. Kesho yake ngoja, wapikie watu chakula cha mchana mapema, na saa saba, maji yakiwa yamepanda zaidi ya nusu, rubani akuvushe. Utaona mahali ambapo maji ya kahawia ya mto yanakutana na ya kijani ya bahari, mpaka umenyooka, una povu na majani juu yake. Ukishaupita mpaka huo na bildi ikasoma mita nne mara tatu mfululizo, shusha injini ya pili. Mrudishe rubani Nyamisati, na kama mawimbi hayaumuki utakuwa Kilindoni kabla jua halijatua. Yakiwa yanaumuka, laleni Nyamisati.

Kazi yako wiki hii ni moja. Chukua fimbo, ichore kwa sentimita, pakia watu wote wanne na mafuta kamili, injini zote zikiwa chini, kisha pima toka usawa wa maji hadi ncha ya chini ya rafadha. Usichukue namba ya muuzaji. Niandikie hiyo uliyopima mwenyewe, pamoja na tarehe ya mwezi mpevu utakaouchagua, nami nitakwambia siku ya kuondoka Dar na saa ya kumfuata rubani Nyamisati.